HUU SI UVIVU, NI DAWA



Twasikia maneno katika mashamba ya majani chai, toka Igembe na Imenti hata Runyenjes, nayo yatuudhi. Mama atibiwa kansa ya titi, arudi kazini, kisha asubuhi vidole vyakataa kufumba na magoti yamwuma akishuka mteremko. Nyapara atazama kapu, aona kilo zimepungua, asema: "Uvivu huo!" Wengine wasingizia baridi ya mlimani. Sisi twasema ni dawa, na mabwana wajifunze.

Kansa nyingi za titi hulishwa na homoni iitwayo estrojeni. Kwa hiyo mwanamke aliyekwisha koma hedhi hupewa kidonge kila siku, anastrozoli au letrozoli, kwa miaka 5 au zaidi, ili mwili usiifanye homoni hiyo. Karibu nusu ya wanaokimeza huumwa na viungo. Basi tazameni mtego: malipo ni kwa kilo, na kilo ni vidole. Akimeza dawa, apungukiwa posho. Akiiacha apate kuchuma, ugonjwa waweza kurudi.

Mama, usiiache kimya kimya. Mwambie daktari. Aweza kukupa ya kutuliza maumivu, au kukubadilishia kidonge, maana anayeumizwa na hiki pengine hukivumilia kile. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mazoezi ya kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa juma, pamoja na kuinua vyuma mara 2, yalipunguza maumivu makali kwa asilimia 29. (Asije bwana akasema kusimama kutwa na mzigo mgongoni ndiyo mazoezi yenyewe!)

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa aliyefanya kazi miezi 2 siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Siku 14 mbele ya miaka 5! Lakini kifungu cha 41 chakataza kumfukuza mtu kwa udhaifu wa mwili kabla ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama akiwa kando yake.

Twadai kazi nyepesi, ya kupima majani au ya kitaluni, bila kupunguziwa mshahara, na siku ya kliniki Meru au Embu isikatwe. Mwenye barua ya daktari ampe katibu wa tawi lake sasa, apate kwenda nayo kwa mwajiri.