Wenye turbo, makopo yenu matupu yanakwenda wapi?



Jumamosi nilikuwa gereji nikimwaga oili. Kazi ilipokwisha, kijana msaidizi wa fundi akaokota kopo langu tupu la lita nne, akalifunga mfuniko wake vizuri kabisa, akalipanga pembeni na mengine kama kumi hivi. Yote masafi, lebo hazijachubuka. Nikamwambia hilo naondoka nalo. Akashangaa. Akanipa shilingi elfu moja nimwachie. Elfu moja kwa kopo tupu! Chupa za maji zinauzwa kwa kilo, tena kwa bei ya kutupa, lakini kopo la oili linanunuliwa moja moja na mfuniko wake. Wapo wanaoyatumia kuwekea mafuta ya taa, sikatai. Lakini jamani, mafuta ya taa hayajali kama lebo imechubuka!

Naandika haya kwa sababu kila wanapokutana vijana wenye Impreza WRX, Forester za turbo na Mark II zilizofanyiwa "kazi", mjadala ni ule ule: oili gani ya kuaminika? Mmoja anataja kampuni hii, mwingine anaapa kwa ile, wa tatu anasema fundi wake kamwambia. Sijawahi kusikia mtu akiuliza uliinunua wapi. Na hoja yangu leo ni hiyo tu. Jina la oili haliwezi kukulinda, kwa sababu jina ndilo linaloghushiwa. Hakuna mjinga anayeghushi oili isiyojulikana. Kadiri watu wanavyoliamini jina, ndivyo kopo lake tupu linavyopanda bei.

Kwa nini nawasema wenye turbo? Kwa sababu ninyi hamna nafasi ya kukosea. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wake mmoja unapigwa na moshi wa ekzosi wenye joto la mamia ya nyuzi. Kinachoishikilia isisagike ni utando mwembamba wa oili, basi. Oili hiyo hiyo ndiyo inayozilinda beringi za injini. Gari la kawaida linaweza kuvumilia oili mbovu kwa muda, likalalamika pole pole. Turbo haina subira hiyo.

Rafiki yangu mmoja aliweka oili ya jina kubwa kwenye Forester yake. Wiki chache baadaye, akipanda Kitonga, injini ikaanza kunoki. Ilikuwa oili feki? Hawezi kuthibitisha, na hapo ndipo uchungu ulipo. Hakuwa na risiti, kopo alilicha gereji, na muuzaji alipoulizwa akasema hamkumbuki. Injini imekufa, ushahidi hakuna, na mwenye duka bado anauza.

Sasa tuje kwenye imani zetu za vijiweni.

Ya kwanza: oili nzito ndiyo oili. Dar kuna joto, weka 20W-50! Ndugu zangu, namba hizo si mapambo. Kwenye 5W-30, hiyo 5W inaeleza oili inavyotiririka wakati wa baridi, na 30 inaeleza uzito wake ikifikia nyuzi 100. Joto la injini linasimamiwa na thamostati, iwe uko Tokyo au Temeke. Nyuzi 32 za nje peke yake si sababu ya kumwaga uji ndani ya injini iliyotengenezewa oili nyepesi. Vipo vitabu vya magari vinavyoruhusu oili nzito kwenye joto kali au kazi ngumu. Sawa, kama kitabu chako kinaruhusu, weka. Lakini kiseme kitabu, kisiseme kijiwe. Na usiniambie kitabu chako ni cha Kijapani, maana 5W-30 haikuandikwa kwa Kijapani.

Ya pili: oili nzuri utaijua kwa rangi na kwa kuisugua vidoleni. Rangi inatiwa tu! Tena oili halali huwa nyeusi baada ya muda kwa sababu inabeba uchafu wa injini, na hiyo ndiyo kazi yake. Kidole chako hakipimi viungo vya kuzuia kusagika.

Ya tatu: imeandikwa sintetiki, basi imetosha. Mwaka 1999 huko Marekani kampuni mbili kubwa, Mobil na Castrol, zilivutana mbele ya chombo cha kusimamia matangazo kuhusu nini kiitwe sintetiki. Castrol ilishinda, na tangu hapo oili ya madini iliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana nayo huuzwa kwa jina hilo. Si oili mbaya, nyingine ni nzuri sana. Ila ujue kwamba neno kubwa la mbele ya kopo ni la tangazo. Ukweli uko nyuma, kwenye maandishi madogo.

Huko nyuma tafuta daraja la API. Kwa injini za petroli linaanza na herufi S. SL ilikuja mwaka 2001, SM 2004, SN 2010 na SP 2020. Bado kuna maduka yanauza SF, ambayo API yenyewe inasema haifai kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya 1988. Unanunua Sub ya 2005 unaiwekea oili ya enzi za kaseti! API ina orodha ya oili ilizozipa leseni, iko wazi mtandaoni, bure. Dakika mbili tu.

Lakini hata ukisoma lebo yote, kumbuka kopo halali lililojazwa uchafu nalo limeandikwa SP. Lebo inakuonyesha ahadi ya kiwanda, haikuonyeshi kilichomo. Oili chafu ikichujwa kwa kitambaa inaweza kung'aa, lakini viungo vyake vimeshatumika, havirudi. Kwa hiyo nunua kwa wakala anayefahamika, dai risiti ya EFD, kagua sili na namba ya toleo, na kopo lifunguliwe mbele ya macho yako. Kazi ikiisha, toboa kopo. Msumari mmoja chini, kisu kimoja kwenye lebo.

Najua mtasema: hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, EWURA, TBS na FCC wapo na tunawalipia. Wakikamata mzigo feki wanauteketeza mbele ya kamera, nasi waandishi tunakwenda kupiga picha. Mimi sijaona kamera ikifuata kopo tupu kutoka gereji. Na kampuni za oili zinazotuwekea mabango kila kona, kwa nini zisinunue makopo yao wenyewe kabla ya wajanja? Hilo nalo ni swali.

Lakini mnyororo huu unaanzia kwetu. Anayeghushi hana kiwanda cha makopo. Anasubiri wewe uondoke gereji ukiwa umefurahi, muziki juu, ukimwachia malighafi yake. Tena wengine mnalipwa ile elfu moja mnaona mmepata soda. Mwezi ujao kopo lile lile linarudi dukani, na unalinunua mwenyewe kwa bei kamili.

Na wewe unayelia kwamba oili halali ni ghali: nimeiona rimu yako mpya. Nimeusikia mlio wa ekzosi yako saa saba za usiku, mtaa mzima tumeusikia! Mwenye hela ya mlio ana hela ya oili. Kama kweli huna, hiyo turbo si saizi yako bado. Tafuta gari dogo lisilo na turbo, utafika kazini vizuri tu.

Fundi anayetaka nimwamini asinitajie jina la oili. Anionyeshe msumari wake.

Kazi kwenu, wadau.