Mwembe Ule Haukuwa Mgonjwa

Mwembe wa nyumba niliyopanga, Mafiga, ulipuliziwa dawa nikiwa nimesimama pale pale, kimya. Mwanafunzi wa kilimo!

Ilikuwa baada ya masika. Shina lilivaa utando mweupe, mwembamba, kama mtu kalifunika chandarua. Chini yake vijidudu vya milimita chache vilijikusanya kama kundi la mbuzi. Ukigusa, vyote vinahama pamoja. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Mwanangu, si unasomea haya mambo? Mti wangu unakufa?" Nikajibu, labda tuulize, mama. Kesho yake kijana akaja na bomba mgongoni.

Jamani, wale hawauli mti. Hawali majani, hawafyonzi utomvu, hawatoboi shina. Chakula chao ni ukungu, mwani, kuvumwani na mabaki yaliyokwisha kufa juu ya gome. Utando ni paa lao tu. Wao wenyewe ni chakula cha buibui, sisimizi na ndege wanaodonoa magome. Bahati mbaya yao ni ukoo: chawa wa kichwani ni ndugu zao wa damu, na wengine wa jamii hiyo ndio wale weupe unaowakuta kwenye kitabu kilichokaa sana bila kufunguliwa. (Mwenye kitabu anajijua.)

Panda Uluguru, fika kwenye msitu wa mawingu, uone magome yalivyofunikwa kuvumwani. Huko hakuna aliyewahi kupandisha bomba ili kuisafisha miti, na miti imesimama, na vijito vinashuka kwenda Ruvu hadi kwenye mabomba ya Dar.

Kosa naliona kwetu wanachuo. Vichwani tuna mafungu mawili tu ya wadudu: anayekula mazao na anayeleta faida, kama nyuki. Asiyeingia kokote tunampulizia, tusije tukaonekana hatujui. Kumbe ilitosha kutazama: je, majani yametafunwa? Gome lina matundu? Kama hakuna, uache utando, upepo na mvua vitauchana. Ukikukera sana, chukua ufagio.

Mama alilipa hela ambayo ningemwokolea kwa sentensi moja. Jioni ile kuku wake walikuwa chini ya mwembe, wakidonoa vilivyoanguka. Mpaka leo sijamwambia.