Mshamba Naye Hupenda

Nasema wazi, na anayetaka kununa anune: filamu zetu za mapenzi na vichekesho zimetudhalilisha sisi watu wa Usukumani kwa miaka, na mwenye kosa kubwa kuliko wote si mwigizaji. Si mwongozaji, wala si msambazaji. Ni sisi tunaojiita waandishi chipukizi, tunaoshinda vijiweni tukijadili hatima ya fasihi ya Kiswahili huku tukiwaachia watu wengine kazi ya kuwapa waigizaji maneno ya kusema.

Hebu wasikilize waigizaji wa filamu hizi wanapohojiwa redioni au kwenye televisheni. Ni watu waliocheza wapenzi walewale sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka watoto wa mtaani wanawaita kwa majina ya wahusika. Ungetegemea waulizwe: huyu mhusika umemjengaje? Kwa nini anadanganya siku ya posa? Anaogopa nini? Thubutu! Swali la kwanza ni kama wawili hao wanatoka pamoja nje ya kamera. La pili ni gari analoendesha. La tatu ni bifu lake na fulani limefikia wapi. Mwigizaji naye anajibu alichoulizwa. Na ikitokea bahati akaulizwa habari za nafasi yake, jibu linakuwa fupi kama risiti ya basi: nacheza kama tajiri, nacheza kama demu wa mjini, nacheza kama mshamba. Basi, maongezi yamekwisha.

Simlaumu. Aseme nini zaidi, wakati alichopewa ndicho hichohicho? Vichekesho vyetu vingi hutengenezwa bila muswada kamili. Mwigizaji husimuliwa kisa kwa dakika tano, anaambiwa "wewe ni mshamba umekuja mjini", kamera inawashwa, anatakiwa atiririke. Anayoyasema ni ya kwake, ameyaokota kichwani papo hapo. Kwa maana hiyo yeye ndiye mwandishi, ila hakuna anayemwita hivyo, na sisi wenye kalamu tunamcheka kwamba kazi yake haina kina. Kina atakitoa wapi ndani ya dakika tano?

Sasa tumtazame huyo mshamba. Mara nyingi ni Msukuma, au mtu anayejifanya Msukuma. Mimi ni mtu wa Bariadi, namfahamu vizuri, maana kila nikienda Dar watu wanategemea niwe yeye. Kavaa suruali fupi, kashika redio, baiskeli yake ina vioo na maua. Kauza pamba, kaja na hela mfukoni. Anasema "gete gete" kila baada ya neno la tatu. Akimwona mrembo anatoa macho na kutaja idadi ya ng'ombe. Mrembo anamchuna hela zote na kurudi kwa bwana wake mwenye suti, nasi watazamaji tunaangua kicheko. Katika filamu inayojiita ya mapenzi, huyu ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kupenda. Kazi yake ni kutamani na kutapeliwa.

Na hapa kuna jambo la ajabu ambalo sijui kwa nini hatulisemi kwa sauti. Steven Kanumba, yule ambaye nchi nzima ilimwona kama mpenzi namba moja wa Bongo, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, wakati Bariadi yetu nayo ikiwa ndani ya mkoa huohuo wa Shinyanga. Alifariki Aprili 2012, mwaka uleule Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa. Yaani mwanamume aliyewaliza wanawake kuanzia Dar mpaka Lubumbashi alitoka kwenye ardhi ileile ambayo skrini inatuambia haizai wapenzi, inazaa vituko tu! Ila alipopenda kwenye filamu, alipenda akiwa amevaa suti, kwenye jumba la kifahari. Alitakiwa kwanza aache kutoka alikotoka.

Najua jibu litakalokuja. "Ngosha, acha hasira, huo ni utani tu. Wasukuma wenyewe wanacheka." Ni kweli tunacheka. Sisi ni watu wa utani, na Wanyamwezi ndugu zetu walishatania na Wazaramo tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani. Lakini utani una sheria yake: ukinitania leo, kesho nakutania, msibani nakufukuza kaburini mpaka unilipe. Utani ni kupokezana. Filamu inayonitania mimi peke yangu miaka ishirini, huku mtu wa mjini hajaguswa hata siku moja, huo si utani tena. Hiyo ni ngoma ya upande mmoja.

Na sisi ngoma ya upande mmoja hatuijui. Muulize mzee yeyote wa Usukumani kuhusu Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyofuata nyayo za Ngika na Gumha, mafundi wawili wa karne ya kumi na tisa. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja linamchokoza mwenzake kwa nyimbo na vituko, na anayewavuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Kila anayechekwa ana uwanja wake na ana zamu ya kujibu. Watu wenye urithi kama huo leo tumekubali kukaa kwenye kibanda cha video tukitazama tunavyochekwa bila zamu ya kujibu. Aibu hiyo tumpe nani?

Wengine watasema tatizo ni lafudhi, tuzipige marufuku lafudhi kwenye vichekesho. Hapana! Huko ni kukimbia. Tazama majirani zetu Kenya. Katika *Vitimbi*, Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015, alicheza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo kwa miaka zaidi ya thelathini. Lafudhi ilichekesha, ndiyo. Lakini Ojwang alikuwa na nyumba, alikuwa na ujanja wake na woga wake, na zaidi ya yote alikuwa na Mama Kayai. Mary Khavere, aliyemcheza Mama Kayai, hakuwa pambo la skrini. Ojwang akidanganya, mkewe anamshika. Akijigamba, mkewe anamrudisha chini. Walijibizana hadi watazamaji wengi wakaamini kabisa kwamba ni mke na mume hata nje ya studio, kumbe kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Watu hawaamini hivyo kuhusu vikaragosi. Wanaamini hivyo kuhusu watu.

Mwingine atasema kosa ni kurudiarudia: sehemu ya kwanza, sehemu ya tano, hadithi ileile. Nalo silikubali. Kule Japani kulikuwa na mfululizo wa filamu uitwao *Otoko wa Tsurai yo*. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1995 zilitoka filamu 48, na katika zote mwigizaji Kiyoshi Atsumi alicheza mtu mmoja, Tora-san. Tora-san ni nani? Ni machinga, ndugu zangu! Anatembeza bidhaa mikoani, kavaa koti lilelile, kashika begi lilelile, mdomo mwingi. Karibu kila filamu anampenda mwanamke fulani, karibu kila filamu anamkosa, anarudi barabarani. Hadithi ni ileile mara 48, na Wajapani waliingia sinema kumwona mpaka Atsumi alipofariki mwaka 1996. Kwa nini? Kwa sababu Yoji Yamada, aliyeongoza filamu hizo zote isipokuwa mbili, alikaa chini na kalamu. Machinga wake ni mshamba, anachekesha mpaka mbavu ziume, lakini anapoachwa huchekwi kwa kuachwa kwake. Unaona kwamba ameumia. Tofauti kati ya Tora-san na Msukuma wa filamu zetu ni moja tu: Tora-san ameandikwa.

Haya, tuje kwenye suala la tumbo, maana msije mkadhani nazungumzia heshima peke yake. Amri Athumani, King Majuto wetu wa Tanga, alichekesha taifa hili kwa miongo mingi mpaka alipofariki Agosti 8, 2018 pale Muhimbili. Mwaka huohuo, akiwa mgonjwa, habari za mikataba yake zilifika mpaka wizarani, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Fikiria: mzee ambaye sura yake ilimfanya mtoto wa Meatu acheke kabla hajasema neno, inabidi waziri aingilie ndipo tuulize alikuwa analipwa nini. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na hiyo hakishiriki inamhusu mwigizaji. Lakini sheria haimsaidii mtu anayeambiwa kwamba kazi yake ni "kuchekesha tu". Mwigizaji asiyeweza kueleza mhusika wake alivyomjenga hawezi kudai malipo ya ujenzi. Na hawezi kueleza kama hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ndiyo maana nasema deni ni letu. Tumejifunza kudharau vichekesho. Mashairi ya mauti tunaandika, riwaya za ufisadi tunaandika, lakini ukimwambia mwandishi chipukizi wa hapa Bariadi aandike mchezo wa kuchekesha wa watu wawili wanaopendana mnadani, anakutazama kama umemtukana. Eti si fasihi. Halafu jioni anakaa kuangalia YouTube, anacheka mchekeshaji anayemuigiza baba yake mzazi.

Na mali ghafi tunayo, tena ya kumwaga. Chukua chagulaga. Vijana wanamzunguka binti, kila mmoja anatamba na kubembeleza, naye anatakiwa achague mmoja. Filamu zetu zikiigusa zinaifanya kioja cha washamba. Wanaharakati nao wakaipinga, na wana hoja, kwani binti asiyetaka hata mmoja kati yao hana pa kupita. Lakini ndugu mwandishi, huoni? Hiyo ndiyo filamu! Binti kasimama katikati, vijana saba wanajigamba, na yeye hamtaki hata mmoja. Afanye nini? Aseme nini awakwepe wote saba bila kupigwa? Humo mna kicheko, mna woga, mna mapenzi, na mna swali ambalo wazazi wetu hawakulimaliza. Mpe mwigizaji wa kike nafasi hiyo, halafu muulize redioni mhusika wake ni mtu wa namna gani. Atazungumza mpaka taarifa ya habari imkate.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kwanza, kila anayejiita mwandishi kwenye kurasa hizi aandike japo onyesho moja la vichekesho vya mapenzi ambamo mtu wa shamba anapenda na kupendwa, na maneno yaandikwe yote, siyo kisa cha dakika tano. Pili, tukikutana na waigizaji, na siku hizi wapo hata huku mkoani, tuwaulize habari za wahusika wao na tuandike majibu. Habari za nani kalala na nani tuwaachie wenye kazi hiyo. Tatu, jina la mwigizaji aliyebuni maneno yake mwenyewe liandikwe kama mtunzi, na alipwe kama mtunzi.

Anayeona nimezidisha anijibu kwenye toleo lijalo. Nitafurahi, maana ndivyo ngoma inavyochezwa: mimi nimeingia uwanjani na wimbo wangu, upande wa pili mko wapi?