Ruhuka: Kuhesabu Kwanza, Dawa Baadaye

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo unamfaa sana mdudu mmoja aishiye ndani ya tunda la kahawa, akila punje kimyakimya huku tunda lenyewe likiendelea kuiva na kung'aa kwa nje kana kwamba halina dosari. Mdudu huyo ni mbawakawa mweusi ambaye urefu wake haufiki milimita 2. Wataalamu wa kahawa wa Tanzania humwita ruhuka.

Katika Wilaya ya Rusizi, sehemu ya iliyokuwa Cyangugu, kahawa ni zao lenye historia ndefu. Misheni ya Mibirizi, iliyofunguliwa mwaka 1903, ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipopandwa kahawa nchini Rwanda, na hata leo iko aina ya mibuni iitwayo kwa jina hilo. Chini ya vilima hivyo hupita mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu na kuteremka takriban mita 690 hadi Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo kilipo kituo cha umeme cha Rusizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika lililoundwa mwaka 1983 na nchi tatu: Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo.

Mitambo ya kituo kama hicho haiendeshwi kwa kubahatisha. Fundi hutazama kipimo cha maji kwanza, ndipo aamue kufungua au kufunga. Mkulima wa kahawa aliye mlimani, juu ya mto huohuo, naye hana budi kuwa na kipimo chake. Tofauti ni kwamba kipimo cha mkulima hakinunuliwi. Ni macho yake, kisu kidogo, kalamu na daftari.

Maisha ya ndani ya tunda

Ruhuka jike hutoboa tunda kwenye kitovu chake, yaani upande ulio mkabala na kikonyo. Kitundu anachokiacha ni kidogo kama tundu la sindano. Hapendi tunda changa lenye majimaji; hata akilitoboa mapema, husubiri mlangoni hadi punje ianze kukomaa. Hali hiyo hufikiwa kwa kawaida miezi minne au mitano baada ya maua. Kisha huingia ndani ya punje, huchimba vyumba na kutaga mayai 2 au 3 kwa siku, kwa muda wa wiki kadhaa. Viluwiluwi wakianguliwa hula punje ileile iliyowalea.

Katika kizazi hicho majike huwa wengi mno; dume ni kama mmoja kwa kila majike tisa au kumi. Madume hayawezi kuruka, nayo huishi na kufa ndani ya tunda yalimozaliwa. Majike hupandwa humohumo na ndugu zao, hata watokapo nje kila mmoja huwa tayari kuanzisha ukoo mpya. Ndiyo sababu tunda moja jeusi lililosahauliwa mtini huweza kuficha makumi ya ruhuka wanaongojea mvua.

Joto nalo ni rafiki yake. Chini ya nyuzi 15 hivi mdudu huyu hawezi kuongezeka. Kwenye nyuzi 25 au zaidi kidogo hustawi sana. Kwa hiyo shamba lililo chini, kuelekea uwanda wa Bugarama, halina ulinzi wa baridi ambao shamba la kileleni limeuzoea. Hata wa kileleni wasijipe moyo kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu kahawa ya Afrika Mashariki ulionyesha kwamba, kadiri hali ya hewa inavyozidi kupata joto, ruhuka atapata makao katika miinuko ambayo zamani ilimshinda.

Hasara huonekana siku ya kuuza. Kwenye kituo cha kuoshea kahawa matunda hutiwa majini; mazito huzama, mepesi huelea na kutengwa. Tunda lililoliwa na ruhuka mara nyingi ni miongoni mwa yaeleayo. Hapo ndipo ada ya shule na mchango wa bima ya afya ya watoto hupungua mbele ya macho ya mzazi, kwa sababu ya mdudu ambaye hakumwona hata mara moja.

Mke, mume na chupa ya dawa

Na uchukuliwe mfano wa mke na mume wenye mibuni 300 kwenye kilima kinachotazama mto. Mume amesikia kwamba jirani ana ruhuka. Anataka kuchukua akiba ya nyumbani akanunue dawa ya kupulizia.

"Mama watoto," asema, "tukichelewa tutakosa kila kitu."

Mke ajibu kwa utaratibu: "Ni kweli, baba watoto. Lakini dawa hiyo utampulizia nani? Tumewahi kumwona? Ni wangapi, nao wako wapi?"

Maswali hayo ya mke ndiyo msingi wa jambo zima. Ruhuka akiwa bado kwenye kitundu, mgongo wake ukionekana, dawa huweza kumfikia. Akishaingia ndani ya punje, amejifungia chumbani. Dawa itamwagika juu ya majani, itaua wadudu wenye manufaa na kuzila fedha za mkulima, naye atabaki salama pamoja na watoto wake. Kwa miaka mingi dawa iliyotumiwa sana ulimwenguni dhidi yake ilikuwa endosulfan. Huko Kaledonia Mpya, katika miaka ya 1980, ruhuka walionekana wameizoea. Mwaka 2011 dawa hiyo iliingizwa katika orodha ya sumu zinazopaswa kuondolewa ulimwenguni chini ya Mkataba wa Stockholm, kwa kuwa hudumu mno katika mazingira na kuwadhuru watu.

Namna ya kuhesabu

Katika vilima hivi, ambako maua mengi hutoka baada ya mvua za Septemba, hesabu yafaa ianze Januari, nayo irudiwe kila mwezi hadi mavuno yamalizike. Mkulima na apite shambani kwa mstari wa kupinda kama nyoka, asichague miti ya kando ya njia tu wala ile aipendayo. Achague miti 30. Katika kila mti achague tawi moja la katikati lenye matunda mengi, ahesabu matunda yote ya tawi hilo, kisha ahesabu yenye kitundu kitovuni. Matunda asiyachume kwanza. Ayageuze kwa kidole tu.

Wale mke na mume, tuseme, wamehesabu matunda 1,500 kwa jumla, na kati yake 45 yana kitundu. Gawanya 45 kwa 1,500, zidisha kwa 100. Jibu ni 3. Maana yake, katika kila matunda 100, 3 yameingiliwa. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya hesabu hiyo, na ni vizuri aifanye, kwani shamba ni lake pia.

Nchini Colombia, ambako ruhuka aligunduliwa mwaka 1988, kituo cha utafiti wa kahawa cha Cenicafé kiliwafundisha wakulima kuichukulia 2 kwa 100 kuwa alama ya tahadhari. Lakini hesabu haiishii hapo. Ni lazima yale matunda yenye kitundu yachumwe na kupasuliwa kwa kisu, ili ijulikane ruhuka amefika wapi. Ikiwa zaidi ya nusu wako bado kwenye kitundu, dawa inayoruhusiwa, kwa ushauri wa bwana shamba, yaweza kufaa. Ikiwa wengi wamo ndani ya punje pamoja na mayai, wakati wa dawa umepita.

Tuseme katika yale matunda 45, ruhuka 14 wamekutwa mlangoni na 31 wamo ndani. Mume hana haja tena ya kubishana. Akiba itabaki sandukuni, na kikapu ndicho kitakachofanya kazi. Matunda yote yenye kitundu yatachumwa, na mwezi ujao hesabu itarudiwa kwenye daftari lilelile. Ikishuka, kazi imezaa. Ikipanda, bwana shamba aitwe na aonyeshwe tarakimu, si malalamiko.

Mtego wa chupa

Kuna kipimo cha pili, nacho ni mtego. Chupa ya plastiki hukatwa madirisha ubavuni, hupakwa rangi nyekundu na kutundikwa mtini, kiasi cha mita moja na robo hivi kutoka ardhini. Ndani yake hutundikwa kichupa kidogo chenye mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, kilichotobolewa tundu dogo ili harufu itoke polepole. Chini ya chupa kubwa hutiwa maji yenye sabuni. Ruhuka jike huifuata harufu, huanguka na kuzama. Kila wiki waliokufa huchujwa na kuhesabiwa.

Mtego huonyesha ni wakati gani ruhuka wanaruka, hasa baada ya mavuno, mvua zinaporejea na kuwaamsha waliojificha katika matunda makavu. Hauonyeshi kwa hakika ni matunda mangapi yameingiliwa, wala hauchukui nafasi ya kikapu. Asiyeokota matunda akatundika mitego ni kama mtu ateguaye panya uani huku ghala i wazi.

Hapa pana onyo kwa nyumba nzima. Methanoli si pombe ya kunywewa. Hupofusha na kuua. Isiwekwe jikoni, wala isitiwe katika chupa ya soda au ya bia ambayo mtoto au mgeni aweza kuidhania kinywaji. Ifungwe kabatini, ufunguo uwe kwa mtu mzima mmoja anayejulikana.

Kazi ya mikono

Silaha kuu dhidi ya ruhuka ni usafi wa mavuno. Matunda yachumwe mara yaivapo, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Mwisho wa msimu kila tunda lililobaki mtini litolewe, na yaliyoanguka yaokotwe. Wakulima wa Rwanda wamezoea kutandaza majani shambani, jambo jema kwa udongo. Lakini majani hayo pia huficha matunda yaliyoanguka, hivyo yafaa yafunuliwe kwa uangalifu chini ya kila mbuni.

Matunda yenye ruhuka yasitupwe jalalani wala kwenye mboji mbichi, kwani watatoka na kurudi mtini. Yatumbukizwe katika maji yanayochemka, au yafungwe katika mfuko wa plastiki na kuachwa juani, au yafukiwe katika shimo refu lenye udongo ulioshindiliwa vema. Kahawa ikaushwe upesi hadi unyevu wake ufike kiasi cha 12 kwa 100. Katika punje kavu namna hiyo ruhuka hawezi kuzaliana. Magunia na vikapu navyo vikung'utwe kabla ya kuhamishwa.

Hilo la magunia si dogo. Ruhuka ni mwenyeji wa Afrika. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1867 baada ya kuonekana katika kahawa ya biashara. Kisha, ndani ya buni za mbegu na za kuuza, akasafiri hadi Java na Brazili mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2010 akagunduliwa Hawaii. Wabrazili walipotaabika waliagiza kutoka Uganda, mwaka 1929, nyigu wadogo ambao ni adui zake wa asili. Mdudu aliyevuka bahari hashindwi kuvuka mto Rusizi.

Kwa sababu hiyo shamba moja safi katikati ya mashamba machafu halitadumu safi. Kilima kizima kikihesabu siku moja na kuokota siku moja, ruhuka hana pa kukimbilia. Rwanda ina desturi ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi; moyo uleule waweza kuyafikia hata mashamba yaliyosahauliwa, ya mjane asiye na msaidizi na ya mwenye shamba aliyehamia mjini. Nchi tatu ziliweza kuketi pamoja zikapimiana maji ya mto mmoja. Majirani wa kilima kimoja hawashindwi kusomeana madaftari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe, kwa mkulima wa kahawa, ni kitundu kisichozidi tundu la sindano. Na anayekiona Januari ana nafasi ya kukiziba kabla ya kapu lake kufika kwenye maji ya kituo cha kuoshea.