Vita vya Taveta hadi Mbala ambavyo wanafunzi hawasomi

MWANAFUNZI wa shule ya upili nchini Kenya anaweza kueleza bila kusita jinsi mwanamfalme Franz Ferdinand wa Austria alivyouawa mjini Sarajevo mnamo Juni 28, 1914. Atataja miungano ya mataifa ya Ulaya, mashindano ya silaha na Mkataba wa Versailles wa 1919, kwani hayo ndiyo ambayo watahini wa KCSE wamekuwa wakiyauliza kwa miaka mingi. Lakini akiulizwa ni nani aliyeiteka Taveta, huenda akadhani somo limebadilishwa.

Taveta ilitekwa na Wajerumani Agosti 15, 1914, siku 11 tu baada ya Uingereza kuingia vitani. Walikaa humo hadi Machi 1916, na kutoka upande huo vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani kwenda kulipua reli ya Mombasa. Reli inayotoka Voi kuelekea Taveta ilianza kujengwa wakati huo kwa shughuli za kijeshi.

Huko Tanga, mwezi Novemba 1914, Uingereza iliteremsha wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Walishindwa na kikosi cha watu kama 1,000 hivi chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Kamanda huyo alijua fika kwamba hangeweza kuishinda Uingereza. Nia yake ilikuwa kuyafunga huku majeshi ambayo yangehitajika Ulaya, na ndiyo sababu alizungushana na adui miaka minne, akapita Msumbiji na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimu amri Novemba 25, 1918 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Kwa hiyo jibu la kwamba vita vilikoma Novemba 11 ni kweli kwa Ulaya. Huku kwetu vilichukua majuma mawili zaidi.

Hata hivyo, kiini cha vita hivi hakikuwa bunduki bali mzigo. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na maksai, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Risasi, dawa na unga vilibebwa kichwani. Mpagazi naye alihitaji kula, na kadiri safari ilivyorefuka ndivyo sehemu kubwa ya shehena ilivyoliwa na wabebaji wenyewe kabla ya kufika mstari wa mbele. Suluhisho la wakoloni lilikuwa kutafuta wapagazi zaidi. Sheria ya 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka wa 1917 msako ukafanywa kijiji kwa kijiji.

Waliowaua wengi wao si Wajerumani. Watu waliozoea vyakula vingine walipewa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva vyema, wakapatwa na kuhara damu. Malaria, nimonia na uchovu vikamaliza kazi. Takwimu rasmi za Uingereza zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na watafiti wa baadaye wameiona idadi hiyo kuwa ndogo mno. Mishahara ya maelfu ya waliofariki haikuwafikia jamaa zao. Kilichobaki midomoni mwa watu ni jina la kikosi chao kwa Kiingereza, lililogeuzwa kuwa Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Hapa ndipo ufundishaji unapokosea hasa. Vita huwekwa katika mada moja, na ukoloni nchini Kenya katika nyingine, kana kwamba havikukutana. Ilhali sheria ya kipande ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, na ikaanza kutekelezwa vilipokwisha. Mnamo 1919 wanajeshi wazungu waliorejea waligawiwa mashamba, yakiwemo yaliyokatwa kutoka ardhi ya Wanandi. Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi hilohilo hawakupata shamba. Walipata kipande cha kuning'iniza shingoni. Harry Thuku alipoanza kukusanya watu Nairobi mwaka wa 1921 kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, alizungumza na kizazi kilichotoka vitani. Mwanafunzi asiyejua habari za wapagazi atamwona Thuku kama mtu aliyezuka tu.

Kwamba pengo hili si la vitabu vya shule pekee lilithibitika Aprili 2021. Ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao Waafrika, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilieleza pia kwamba ubaguzi ulichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Radhi haiandiki majina. Kazi ya kuyatafuta inategemea hifadhi za nyaraka na kumbukumbu za familia, na watoto wa wapagazi hao wamekwisha kufariki karibu wote. Waliobaki ni wajukuu, baadhi yao wazee wa miaka themanini, na wengine ni mababu na nyanya wa wanafunzi haohao wanaokariri habari za Sarajevo. Mwalimu wa historia anayetaka kuwapa wanafunzi kazi ya likizo ana pa kuanzia.