Soseji ya siku ya mechi: nje imeungua, ndani mbichi

Simba na Yanga zikikutana, Tukuyu huanza kunukia tangu mchana. Nje ya vibanda umiza majiko ya mkaa yanapangwa, na siku hizi kando ya mishkaki na kitimoto kuna soseji nene za nguruwe. Wajerumani waliouita mji huu Neu Langenburg wangezitambua mara moja. AFCON ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo majiko hayo yataongezeka. Siyapingi. Ila wazazi wajue kwamba soseji si mshikaki.

Mshikaki ni kipande cha nyama. Vijidudu vingi hukaa juu yake, na moto huviua hapo hapo. Soseji ni nyama ya kusaga: kilichokuwa juu kimeingia katikati, ambako joto hufika mwisho. Ngozi inaweza kuwa nyeusi huku ndani ni vuguvugu tu. Mtoto akila hiyo jioni, usiku au kesho yake anatapika na kuharisha.

Kusaga huficha na jambo jingine, ambalo huku Nyanda za Juu Kusini si dogo. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu hupata tegu wachanga kwenye nyama. Nyama ikiwa nzima, wengi wao huonekana kama punje nyeupe, na mnunuzi makini huikataa. Ikishasagwa na kutiwa viungo, nani ataziona? Anayekula punje hizo zikiwa hai hufuga tegu tumboni. Akitoka chooni bila kunawa na kushika chakula, mayai ya tegu humwingia yeye na wengine, na yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ndiyo maana hata mtoto wa nyumba isiyokula nguruwe kabisa anaweza kuugua. Mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, mimi huwaza tegu mapema. Ndugu zake mara nyingi wameshawaza uchawi.

Halafu kuna baridi yetu. "Dokta, huku ni friji tupu," muuzaji mmoja aliniambia huku beseni la nyama likiwa wazi tangu asubuhi. Hapana, baba. Friji ni nyuzi 4 au 5. Mchana wa Tukuyu, hata Juni, uko juu ya hapo kwa mbali, na bakteria wanahitaji hicho hicho ili wazaliane.

Soseji nyingi za kiwandani zimeshapikwa, lakini nazo zipashwe hadi zitoe mvuke. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, bakteria wa listeria kwenye polonii waliugua nao watu zaidi ya 1,000 na zaidi ya 200 wakafa, watoto wachanga wakiumia kuliko wote. Mama mjamzito asile soseji ya baridi.

Kwa mbichi, njia rahisi ni kuchemsha kwanza kama dakika 20, maji yakitokota polepole, kisha mkaa uzipe rangi tu. Vunja iliyo nene kuliko zote: ikiwa na wekundu, rudisha zote. Sahani iliyobeba mbichi isibebe zilizoiva. Nyama inunuliwe yenye muhuri wa mkaguzi, si ya nguruwe aliyechinjwa nyuma ya nyumba.

Mnaoniuliza kuhusu saratani: ni kweli, shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema mwaka 2015 kwamba nyama za kusindika huisababisha. Hatari hupanda kwa anayekula kila siku, kwa hiyo mimi huhofia zaidi soseji ya kila asubuhi kwenye mkoba wa shule kuliko ya siku ya mechi.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na usimpe dawa za kufunga tumbo. Kukiwa na damu kwenye choo, macho yamebonyea, au hawezi kunywa, mpeleke hospitali usiku huo huo, hata kama mpira haujaisha.