Mchawi Hayumo Chupani

Hapa Ndundu mtu akivimba tumbo na macho yakawa manjano, hunyooshewa kidole bibi kizee wa jirani. Huo ni ushahidi wa uongo! Mwaka 1976, huko Afrika Kusini, wataalamu walikuza maabara seli za saratani ya ini zilizotoka kwa mgonjwa Mwafrika. Zikazaliana chupani, zikitoa protini ya virusi vya homa ya ini B, mchawi hakuwamo. Virusi hivyo hukaa mwilini kimya miaka mingi. Watoto wetu huchanjwa tangu 2002. Sisi tuliowatangulia tukapimwe, badala ya kumpelekea mganga fedha na kumfukuza mjane nyumbani kwake.